Gramu 50 zimeandikwa kwenye lebo, na zilizobaki je?

Chukua chupa ya lita moja ya dawa ya wadudu iliyoandikwa lambda-cyhalothrin 50 g/l EC. Ni dawa ya kawaida, wakulima wengi wa mahindi, nyanya na maharage wanaijua. Lebo inakuambia jambo moja waziwazi: ndani ya lita hiyo kuna gramu 50 za sumu yenyewe inayoua wadudu. Lakini chupa nzima, ukiipima, inakaribia kilo moja. Hivyo vingine vyote vilivyoijaza ni nini? Mara nyingi lebo haisemi. Ikisema sana, itaandika "viambato vingine" na kuishia hapo.

Wasikilizaji wetu hutuuliza swali hili, hasa msimu wa kupulizia unapofika na mtu akaanza kuwashwa ngozi au kichwa kuuma. Jibu fupi ni kwamba hiyo ni siri ya biashara, na sheria inairuhusu. Jibu refu ni kwamba siri hiyo ina mipaka. Yapo mambo ambayo kampuni inaweza kumficha mshindani wake, yapo ambayo haiwezi kuificha serikali, na yapo ambayo haipaswi kukuficha wewe unayebeba bomba mgongoni.

Kilichomo nje ya zile gramu 50

Tuanze na herufi EC. Zinamaanisha kwamba sumu imeyeyushwa katika kimiminiko cha jamii ya mafuta, pamoja na kitu kama sabuni cha kuifanya ichanganyike na maji. Ndiyo maana ukiimimina kwenye ndoo maji hugeuka meupe kama maziwa. Mafuta hayo mara nyingi hutokana na petroli. Hayamuui mdudu, lakini kwa binadamu ni habari nyingine. Mtu akimeza dawa ya aina hiyo kisha akatapishwa, mafuta yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kuyadhuru mapafu vibaya. Kwa hiyo lebo nyingi za dawa za EC zinaandika: usimtapishe mgonjwa. Onyo hilo mara nyingi linatokana na vile viambato vingine.

Kwa miaka mingi lugha ya wataalamu iliviita viambato hivyo "visivyofanya kazi". Jina hilo limepotosha watu wengi. Havifanyi kazi kwa mdudu au kwa gugu, ndiyo maana yake. Halisemi kwamba havina madhara kwa mtu, kwa samaki au kwa nyuki.

Mfano unaojulikana sana ni wa dawa ya magugu ya glaifoseti, ile inayoandikwa glyphosate kwenye lebo. Glaifoseti peke yake haishiki vizuri kwenye jani lenye nta, inateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Watengenezaji wakaongeza kitu cha jamii ya sabuni kilichotengenezwa kwa mafuta ya wanyama, kinachofahamika kwa kifupi kama POEA. Kwa miaka mingi mjadala wote ulikuwa juu ya glaifoseti, kumbe katika vipimo kadhaa, hasa vya viumbe wa majini, ile sabuni ndiyo ilikuwa kali zaidi. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliamua POEA isiwekwe tena katika dawa za glaifoseti zinazouzwa kwenye nchi zake. Mkulima aliyesoma lebo kwa uangalifu wote miaka 10 kabla ya hapo asingeliona jina hilo popote.

Kwa nini waruhusiwe kuficha?

Tusiwaonee watengenezaji. Mfikirie mama lishe ambaye pilau yake inajaza benchi kila siku. Bwana afya akija kukagua jikoni ana haki ya kufunua kila sufuria na kuuliza kila kilichowekwa. Lakini bwana afya huyo akitoka hapo akaenda kumpa mama lishe wa jirani vipimo vya viungo, atakuwa amemwibia mtu riziki yake. Kesho hakuna mama lishe atakayemfungulia mlango kwa moyo mweupe.

Kwa kampuni za kemikali hesabu ni kubwa zaidi. Utafiti uliofanywa mwaka 2016 kwa ajili ya vyama vya watengenezaji wenyewe ulikadiria kwamba kufikisha sumu moja mpya ya kilimo sokoni kunagharimu karibu dola milioni 286 na kuchukua miaka ipatayo 11. Hizo ni hesabu zao, zipokee hivyo. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba majaribio ni ya gharama: kulisha panya kwa muda mrefu, kupima udongo na maji, kupima mabaki kwenye mazao. Faili lote hilo hupelekwa kwa mamlaka ya serikali kabla dawa haijaruhusiwa kuuzwa. Kama mamlaka ingeliacha wazi mezani, kampuni nyingine ingelinakili na kuomba kibali bila kutumia hata senti kwa majaribio.

Ndiyo sababu makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki, yaliyoanza kutumika mwaka 1995, yanazitaka nchi wanachama zilinde taarifa za majaribio ya kemikali mpya za kilimo zisitumiwe na wengine kwa hila ya kibiashara. Kenya na Tanzania ni wanachama. Lakini kifungu hichohicho, cha 39, kina mlango: taarifa hizo zinaweza kutolewa pale inapobidi kuwalinda wananchi.

Kuna hoja moja ya kampuni ambayo sisi haituingii sana akilini. Husemwa kwamba mchanganyiko ukijulikana, dawa feki zitaongezeka. Anayetengeneza dawa feki kwenye chumba cha nyuma ya duka hahitaji kujua mchanganyiko. Anahitaji chupa yako tupu uliyoitupa na lebo ambayo haijachanika, kisha anajaza maji na rangi. Toboa chupa zako baada ya kuzisuuza mara tatu, utakuwa umemzuia feki kuliko siri yoyote.

Siku 12 za mto Elk

Siri hii inapogeuka kuwa hatari, inaonekana vizuri zaidi katika tukio lililotokea Marekani. Halikuwa la dawa ya shamba, lilikuwa la kemikali ya kuoshea makaa ya mawe, lakini swali ni lilelile.

Tarehe 9 Januari 2014, wakazi wa mji wa Charleston, jimbo la West Virginia, waliamka na harufu tamu ya ajabu, kama ya pipi. Tangi la kampuni iliyoitwa Freedom Industries lilikuwa limetoboka kando ya mto Elk, umbali usiofika kilomita tatu juu ya mahali mtambo wa maji ya mji unapovutia maji. Jioni ile watu wapatao 300,000 waliambiwa wasinywe maji ya bomba, wasipikie, wasioge wala wasifulie. Kuzima moto na kumwaga chooni tu ndiko kuliruhusiwa.

Kemikali iliyotajwa inaitwa MCHM. Maofisa wa afya walipofungua karatasi ya usalama ya kemikali hiyo, ile inayopaswa kueleza madhara yake kwa binadamu, walikuta sehemu nyingi zimeandikwa kwamba taarifa hazipo. Ikabidi wakadirie wenyewe kiwango ambacho maji yangehesabika kuwa salama. Mamia ya watu walikwenda hospitali wakilalamika kichefuchefu, vipele na macho kuwasha. Baada ya siku kadhaa marufuku ikaanza kuondolewa mtaa kwa mtaa, kwa sababu vipimo vilionyesha MCHM imepungua.

Ndipo tarehe 21 Januari, siku ya 12, kampuni ikasema kwamba ndani ya tangi lile kulikuwa na kitu cha pili, walichokiita PPH. Na kwenye karatasi waliyoikabidhi serikalini, jina kamili la kemikali hiyo lilikuwa limezuiwa: siri ya biashara.

Hebu tafakari hali ilivyokuwa. Watu walikuwa wameshaanza tena kunywa maji. Wapimaji walikuwa wakitafuta kemikali moja tu, na usipojua unatafuta nini kwenye maji, mashine haikuambii yenyewe. Ikabidi vipimo vianze upya kwa ajili ya kitu cha pili. Mamlaka za jimbo ziliibana kampuni na jina likatoka, na kiasi kilichopatikana kilikuwa kidogo. Baadaye wakuu wa kampuni walikiri makosa mahakamani. Lakini kwa siku zile, familia iliyochanganya maziwa ya mtoto kwa maji ya bomba haikuwa na mtu wa kuiambia ukweli wote, kwa sababu hata serikali haikuwa nao.

Sheria ilivyobadilishwa

Sheria ya kemikali za viwandani ya Marekani ilikuwa ya mwaka 1976. Chini yake kampuni ikigonga muhuri wa siri kwenye karatasi, mara nyingi hapakuwa na anayeuliza. Wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo waliripoti mwaka 2005 kwamba karibu asilimia 95 ya maombi ya kemikali mpya yalikuwa na sehemu fulani iliyodaiwa kuwa siri. Kila mtu akiweka kufuli mlangoni, mkaguzi hawezi kujua ni chumba kipi chenye dhahabu na kipi kina magunia matupu.

Juni 2016 sheria hiyo ilirekebishwa, na utaratibu wa sasa unastahili kuelezwa kwa sababu nchi nyingi huutazama. Kampuni inayotaka kuficha jambo hutoa nakala mbili: moja kamili ya macho ya mamlaka, nyingine iliyofutwa sehemu za siri kwa ajili ya umma. Inatakiwa kueleza sababu, kuonyesha kwamba imekuwa ikiitunza siri hiyo kweli, na mtu wake aweke saini kuthibitisha. Jina la kemikali likifichwa, ni lazima litolewe jina la jumla linaloonyesha ni kemikali ya jamii gani. Siri nyingi hudumu miaka 10, kisha kampuni iombe upya au ziwe wazi. Matokeo ya majaribio ya afya na usalama kwa ujumla hayafichwi, isipokuwa sehemu zinazofichua namna ya kutengeneza au uwiano wa mchanganyiko. Na daktari au muuguzi mwenye mgonjwa wa dharura anaweza kupewa taarifa kwanza, makaratasi ya ahadi ya kutunza siri yakafuata baadaye.

Ulaya walipata njia nyingine ambayo kwa maoni yetu ni ya akili zaidi. Kwa bidhaa zenye mchanganyiko wa hatari, kampuni hupeleka mchanganyiko huo kwenye vituo vya kitaifa vya kushughulikia sumu, na kuanzia mwaka 2021 lebo zimeanza kuchapishwa alama ya herufi na tarakimu 16. Mtoto akinywa sabuni ya choo, mzazi anapiga simu na kusoma alama ile. Aliye upande wa pili wa simu anafungua rekodi yake na kujua kilichomo. Mshindani wa kampuni akisoma alama hiyohiyo dukani haimwambii chochote.

Hukohuko Ulaya, Machi 2019, mahakama iliyoko Luxembourg iliiambia mamlaka ya usalama wa chakula ya umoja huo kwamba haikupaswa kuwanyima wabunge wanne na mwombaji mwingine majaribio yaliyofanywa kuhusu glaifoseti. Hoja ya majaji inaeleweka hata bila kusomea sheria: dawa inayopuliziwa shambani imekusudiwa kuingia kwenye mazingira, kwa hiyo watu wana haki ya kujua inafanya nini ikifika huko, hata kama kampuni ina maslahi yake ya biashara.

Kwetu imekaaje

Dawa ya shamba haiuzwi kihalali Tanzania bila kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kenya kazi hiyo inafanywa na Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu, PCPB. Kemikali za viwandani na za nyumbani Tanzania zipo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa mamlaka hizi hakuna siri: anayeomba usajili anapaswa kueleza kilichomo. Huweza kutokea kwamba wakala wa hapa nchini mwenyewe hajui mchanganyiko kamili, mtengenezaji wa ng'ambo akautuma moja kwa moja kwa mamlaka. Kwa hiyo usimgombeze bure kijana wa duka la pembejeo. Huenda hajui kweli.

Zaidi ya sheria za nyumbani, kuna mikataba miwili ya kimataifa ambayo nchi zetu zimeiridhia na ambayo inataja mipaka ya siri kwa maneno yasiyopindika. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaohusu kemikali zisizooza kama DDT, unasema taarifa za afya na usalama wa watu na mazingira hazihesabiwi kuwa siri. Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998, unaohusu biashara ya kemikali hatari na viuatilifu, unaorodhesha yasiyoweza kuitwa siri chini yake: yaliyomo kwenye karatasi ya usalama ya kemikali, tarehe ya mwisho ya matumizi, tahadhari na daraja la hatari, na muhtasari wa matokeo ya majaribio ya sumu.

Ukiyatafsiri hayo hadi kwenye chupa iliyo mkononi, hakuna kampuni yenye haki ya kukuficha jina la sumu yenyewe na kiasi chake, onyo na huduma ya kwanza, tarehe ya kuisha, wala ukali wake. Ukali unaonekana hata kwa asiyesoma: utepe chini ya lebo ukiwa mwekundu ni sumu kali kabisa, wa njano unafuata, kisha bluu, halafu kijani. Na utepe wa kijani hauifanyi dawa kuwa juisi. Iwe pia na namba ya usajili. Ikikosa hiyo, au lebo yote ikiwa kwa lugha ya nchi ya mbali, hapo tatizo si siri ya biashara tena. Huenda bidhaa hiyo haikupita kwa mamlaka kabisa, maana yake hakuna aliyeona mchanganyiko wake, hata serikali.

Kuna jambo la kufanya leo kwa simu hiyohiyo unayosomea makala hii. Kabla ya kupulizia, piga picha lebo yote, mbele na nyuma, hasa jina la sumu, namba ya usajili na sehemu ya huduma ya kwanza. Kampuni zinazoweka namba ya simu ya dharura huiandika hapohapo. Mtu akipata madhara, mvue nguo zilizolowa, msafishe kwa maji mengi, usimtapishe kama lebo au mganga hajasema, na mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa au picha hiyo. Mganga akiona jina la sumu atajua aanzie wapi. Na kama anahitaji kujua zaidi, namba ya usajili ndiyo itakayoifikisha mamlaka kwenye faili lile kamili.

Ukitaka kujua zaidi bila kuwa na mgonjwa, kwa mfano kikundi chenu kinashuku dawa fulani inaua nyuki au samaki wa bwawa, nchi zote mbili zina sheria ya kupata taarifa za serikali iliyotungwa mwaka 2016. Andikeni ombi kwa mamlaka, mtaje namba ya usajili, na mwombe muhtasari wa majaribio ya sumu na karatasi ya usalama. Msiombe mchanganyiko kamili. Huo mtanyimwa, na kunyimwa huko kutakuwa halali. Tanzania ombi linapaswa kujibiwa ndani ya siku 30, Kenya ndani ya siku 21. Sheria ya Kenya inaongeza kwamba taarifa inayohusu uhai wa mtu itolewe ndani ya saa 48, na kwamba mahakama inaweza kuamuru hata taarifa iliyozuiliwa kwa maslahi ya biashara itolewe ikiwa faida kwa umma ni kubwa kuliko hasara. Mkijibiwa kwamba ni siri, ombeni jibu hilo kwa maandishi, likieleza ni sehemu ipi ya waraka iliyo siri na kwa kifungu gani cha sheria, kisha mpewe sehemu iliyobaki.